Bandama ya nguruwe: kutoka Nairobi na Muguga mpaka kwetu Matai

Najua nimepotea, ila wiki hizi mbili zilikuwa za tesiti juu ya tesiti, na mnajua wenyewe mwanafunzi wa ualimu akishapewa tesiti anaongezewa na kuandaa somo la kufundisha. Nipo, nadunda.

Leo nawaletea historia. Sio ile ya Mkutano wa Berlin ambayo tumeikariri tangu kidato cha pili mpaka tunaiota. Tuliambiwa kila mmoja atafute historia ya sayansi iliyofanyika Afrika Mashariki, aieleze kwa namna ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuielewa. Wenzangu wengi wamekwenda Olduvai kwa akina Leakey, mmoja kaenda Amani kule Usambara. Mimi nimekwenda kwenye banda la nguruwe. Najua hapo wapenzi wa kitimoto mshakaa vizuri, na wale wasiogusa kabisa naomba mvumilie, hakuna mahali nitakapowaambia mle. Swali langu ni hili: mtu alijuaje, na leo anajuaje, kwamba ndani ya nyama ya nguruwe mdogo aliyekufa usiku kuna virusi na sio baridi, sio minyoo, sio sumu ya jirani?

Kwetu Matai hilo swali lina pesa ndani yake. Ambao hamjafika, Matai ni makao makuu ya wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, ukitoka Sumbawanga unaelekea Kasanga ziwani. Uwanda wa Ufipa uko juu, mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina utani. Watu wanalima mahindi, maharage, ulezi, ngano kidogo, na nyumba nyingi zina nguruwe wawili watatu. Nguruwe kwetu ni benki. Ng'ombe ni wa kulimia, humuuzi ovyo, lakini nguruwe jike mmoja anaweza kuzaa watoto wanane hata kumi kwa mkupuo, na ndani ya miezi kadhaa mtoto wa watu ana sare, ana godoro, ana nauli. Mimi mwenyewe nauli ya kwenda kidato cha tano ilitembea kwa miguu minne.

Sasa turudi nyuma. Walowezi wa Kizungu walipoingia nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na nguruwe wa Ulaya. Kufika takriban 1910 wale nguruwe wakaanza kufa kwa namna ambayo hata wao hawakuizoea. Anaanza na homa kali, anaacha kula, masikio na tumbo vinageuka rangi ya zambarau, anapepesuka, wengine wanatoka damu puani, siku chache amekwisha. Daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, R. Eustace Montgomery, ndiye aliyelifuatilia jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1921 akachapisha makala ndefu kuhusu ugonjwa huo. Hesabu yake inatisha. Katika milipuko 15 aliyoiandika walikuwepo nguruwe 1,366. Waliokufa ni 1,352. Yaani waliobaki ni 14. Hebu fikirini mwalimu anasahihisha mitihani 1,366 na wanaofaulu wanatosha kukaa kwenye daladala moja na viti vinabaki!

Ulaya na Marekani walikuwa na homa yao ya nguruwe, ya zamani, na walishajua kutengeneza seramu ya kuwakinga. Kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa ni ile ile. Montgomery akaonyesha kwamba hapana. Alichukua damu ya mgonjwa, akaipitisha kwenye chujio linalozuia bakteria, akamdunga mzima, mzima akafa. Maana yake kisababishi ni kidogo kuliko bakteria, kile walichoita wakati huo kirusi kinachopita kwenye chujio. Halafu nguruwe waliokuwa na kinga ya homa ya Ulaya nao wakaugua huu wa hapa na kufa. Basi ni magonjwa mawili, yanafanana kwa sura kama mapacha lakini kila mmoja na mama yake. Na yeye ndiye aliyemnyooshea kidole ngiri, kwamba huenda anabeba ugonjwa huu bila kuugua.

Nataka mkae hapa kidogo, maana ndipo nilipovutiwa zaidi. Kwa miaka kama 40 baada ya hapo kipimo chenyewe kilikuwa ni nguruwe. Sio darubini wala dawa ya kubadilisha rangi. Unachukua kipande cha bandama ya aliyekufa, unakisaga, unatafuta nguruwe wawili, mara nyingi wadogo kwa sababu ni rahisi kuwatunza na hawana historia ya magonjwa mengi. Mmoja ana kinga ya homa ya Ulaya, mwingine hana. Unawadunga wote. Akifa asiye na kinga peke yake, ni ya Ulaya. Wakifa wote wawili, ni ya Afrika. Kila jibu linagharimu mnyama, linagharimu siku, na linahitaji zizi lililofungwa ili virusi visitoke. Mfugaji wa kawaida asingeweza kuota kupata jibu la namna hiyo. Jibu lilikuwa la mlowezi mwenye shamba karibu na maabara.

Mwaka 1957 ugonjwa ukavuka bahari. Ulitokea karibu na Lisbon, Ureno, na maelezo yanayokubalika ni kwamba ulianzia kwenye mabaki ya chakula cha ndegeni waliyolishwa nguruwe. Waliuzima, lakini mwaka 1960 ukarudi, ukaingia Hispania, na rasi ile yote haikuwa salama mpaka miaka ya 1990. Mnaona jinsi dunia ilivyo? Ugonjwa ukiua nguruwe wa Afrika ni makala kwenye jarida. Ukifika Ulaya ni dharura. Sisemi kwa uchungu sana, nasema tu kama mtu anayesoma tarehe.

Hiyo dharura ikaikuta Muguga. Muguga ni nje kidogo ya Nairobi, na hapo palikuwa na shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki nzima, yaani la Tanganyika, Uganda na Kenya pamoja. Mwaka 1960 watafiti wawili hapo, Malmquist na Hay, wakatangaza kitu ambacho mimi nakiona kizuri hata kama sikusoma baiolojia zaidi ya kidato cha nne. Walichukua chembe za uboho na chembe nyeupe za damu ya nguruwe, wakazifuga kwenye chupa. Zikishaambukizwa virusi hivi, chembe nyekundu za damu zinazoelea jirani zinakuja kujibandika kuzunguka ile chembe iliyoambukizwa. Ukitazama kwenye darubini unaona kitu kama ua, au kama siafu waliovamia punje ya ulezi. Homa ya Ulaya haifanyi hivyo. Basi jibu lilipatikana: weka juisi ya bandama kwenye chupa, subiri siku kadhaa, tazama. Ukiona maua, ni homa ya Afrika. Hakuna nguruwe wa pili wa kufa.

Baadaye iligundulika kuna virusi vichache vya jamii hiyo hiyo ambavyo havitengenezi maua, kwa hiyo kipimo hakikuwa kamili. Lakini kwa miongo mingi dunia nzima iliendelea kukitegemea, na kilizaliwa hapa kwetu, kwenye taasisi ambayo babu zetu wa Tanganyika walikuwa na hisa ndani yake. Jumuiya ilipovunjika 1977 Muguga ikabaki Kenya. Kwenye vitabu vyetu vya sekondari kuvunjika kwa Jumuiya ni reli, ndege na bandari. Maabara hazitajwi, na mimi naona ni pengo.

Mtu mwingine wa Muguga ni Walter Plowright, Mwingereza, yule aliyetengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kuufuta ugonjwa wa sotoka duniani (ilitangazwa rasmi 2011, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla). Kwenye nguruwe alifanya kitu kingine. Kumbukeni Montgomery alimshuku ngiri. Tatizo ni kwamba ngiri mkubwa ukimpima damu unaweza usikute virusi vya maana. Vimejificha kwenye tezi zake. Sasa vinatokaje kwake kwenda kwa nguruwe wa mtu?

Hispania walishakuta virusi ndani ya kupe mlaini mwaka 1963. Mwaka 1969 Plowright na wenzake wawili, Parker na Peirce, wakatoa makala kwamba wamevikuta kwenye kupe waliokusanywa katika mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania. Na kupe huyo tunamjua kwa jina kabisa: papasi! Yule yule wa kwenye nyufa za kuta na sakafu ya udongo, anayewauma watu usiku na kuwaletea homa ya vipindi. Bibi zetu walikuwa wanamwogopa kwa sababu za watu, kumbe anatunza siri ya nguruwe pia. Papasi anaweza kukaa na virusi muda mrefu sana, jike anavipitisha mpaka kwenye mayai, na dume anampa jike wakati wa kupandana. (Makala ina majina matatu. Kuchimba mashimo ya ngiri na kupepeta udongo kutafuta papasi sio kazi ya watu watatu, mtu yeyote aliyeshika jembe anajua.)

Halafu sasa ndio tunafika kwa watoto. Utafiti uliofuata, Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika, ulionyesha kwamba siri yote iko kwa ngiri mchanga. Ngiri anazaliwa shimoni. Wiki zake za kwanza yuko mle mle, papasi wanamnyonya usiku na mchana, na ndiye anayeambukizwa. Hafi, haonekani hata kuugua. Lakini kwa muda wa wiki mbili tatu hivi damu yake ina virusi vya kutosha kuwaambukiza papasi wapya. Baada ya hapo damu inasafika, virusi vinarudi kujibanza kwenye tezi, na yeye anakua kuwa ngiri mkubwa mwenye afya anayekimbia na mkia juu kama antena. Kwa hiyo ukitaka kuona virusi kwenye damu ya ngiri inabidi umpime akiwa mtoto. Ukichelewa, tafuta kwenye tezi. Mimi hii ilinikalisha maktaba mpaka walipozima taa.

Kwa nguruwe wetu wa kufugwa mambo ni kinyume. Yeye na virusi hivi hawakukua pamoja, vinamuua. Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila ofisa mifugo alieleze kijijini, kwa sababu watu wanadhani kipimo ni kipimo tu. Kuna kupima damu kutafuta askari wa mwili dhidi ya virusi, na kuna kupima damu au nyama kutafuta virusi venyewe. Askari wanachukua kama siku saba mpaka kumi kujitokeza. Nguruwe aliyeshambuliwa kwa ukali anaweza kufa kabla hawajafika. Ukimpima askari, jibu ni hana, na wewe unasema kumbe hakuwa na ugonjwa! Kwa mtoto wa nguruwe kuna mtego wa pili, wa upande wa pili. Mama akiwa ni mmoja wa wale wachache walionusurika, anawapa wanawe askari kupitia maziwa ya kwanza. Ukimpima mtoto unawakuta askari, wakati hajawahi kuambukizwa. Kwa mdogo aliyekufa, basi, jibu la kuaminika unalitafuta ndani: bandama, tezi, figo, mapafu. Bandama ya homa hii mara nyingi imevimba, nyeusi, ukiishika inakatika kama ini lililooza. Figo zina vidoa vyekundu kama zimenyunyiziwa. Lakini macho peke yake hayatoshi, kuna bakteria wanaoacha alama zinazokaribiana.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na PCR, kile kipimo ambacho korona ilitufundisha wote kukitamka. Unachukua kipande kidogo cha kiungo, unatoa DNA, unaizidisha sehemu moja ya virusi mpaka ionekane. Virusi hivi ni vya DNA, na ndivyo pekee vya DNA vinavyojulikana kuzaliana ndani ya kupe au wadudu wanaonyonya damu na kuenezwa nao kwa wanyama. Sehemu inayosomwa mara nyingi ni jeni la protini iitwayo p72, na kwa hilo wameshavigawa virusi katika aina zaidi ya 20. Nyingi ya hizo utazikuta Afrika tu.

Hapa Tanzania jina la kulijua ni Gerald Misinzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Yeye na wenzake walisoma virusi vya mlipuko wa 2010 hadi 2012, ule uliopiga nyanda za juu kusini ukashuka mpaka Dar es Salaam, wakakuta ni aina ya II. Aina ya II ndiyo iliyotua Georgia, kule Caucasus, mwaka 2007, ikaingia Urusi, ikaingia Ulaya Mashariki, na mwezi wa nane 2018 ikaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Kwa hiyo nguruwe wa kwetu kusini na nguruwe wa China wamekufa kwa ugonjwa wa ukoo mmoja, na kilichounganisha ni meli, malori, nyama na makombo. Papasi wala ngiri hakuhitajika. Ndiyo maana mimi napingana na wale wanaosema tukiua ngiri wote tumemaliza. Kati ya banda na banda anayebeba ugonjwa ni mtu: kiatu chake, kisu chake, nyama yake ya bei poa.

Bei poa sasa. Mama mdogo wangu pale Matai alikuwa na jike mmoja na watoto tisa. Alianza mama, akagoma kula jioni, asubuhi masikio yamebadilika rangi. Watoto wakafuata mmoja mmoja ndani ya wiki. Jirani wa kwanza akasema ni baridi. Wa pili akasema wana minyoo. Mtu wa kwanza kufika pale akiwa na uhakika alikuwa ni mchinjaji, na uhakika wake ulikuwa kwamba mzigo uliobaki atauchukua wote kwa bei ya kuku wawili, kabla haijatangazwa karantini. Aliyetakiwa kuja kuchukua sampuli alikuja siku ya nne, mikono mitupu, akatazama, akasema "ni homa hiyo," akaondoka. Hakuna aliyekata bandama hata moja. Mpaka leo hatuna jibu, tuna maoni ya watu watatu. Mama mdogo alikataa kuuza wale wawili waliobaki, akawafukia na wenzao, na watu walimcheka kwa kufukia pesa.

Mimi sijawahi kumcheka, ila pia sijawahi kumlaumu aliyeuza. Hakuna fidia. Anayetoa taarifa anafungiwa biashara, anayenyamaza anapata angalau hela ya chumvi. Virusi havimdhuru binadamu, hilo lieleweke, aliyekula nyama ile haugui homa hii. Anayeugua ni nguruwe atakayepewa makombo na maji ya kuoshea sufuria. Chanjo Vietnam waliruhusu zao mwaka 2023, kwetu mfugaji hana ya kuchoma. Silaha iliyobaki ni kujua mapema, na kujua mapema ndiyo hiyo bandama.

Toka Matai mpaka Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, ni zaidi ya kilomita 900. Barafu kwenye boksi haifiki kama haibadilishwi njiani. Tangu 2012 kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, na huko ni mbali zaidi. Kuna vipimo vya ubavuni mwa banda vinavyotoa mstari kama cha mimba, vinapungua makali lakini vinatoa jibu kabla mchinjaji hajafika, na hapo ndipo ningeweka pesa kama mimi ndiye ningekuwa na bumu la taifa.

Mama mdogo ameanza tena, ana majike mawili, banda kaliinua kwa mbao, na mlangoni kaweka beseni la maji ya dawa ya kukanyagia. Juzi alinipigia, salamu zikaisha, akaniuliza: "Mwanangu, wewe si unasoma hayo mambo, akifa tena nimwambie bwana mifugo akate wapi?" Nikamwambia mama, mpigie kabla hajafa, asipasuliwe na mtu mwingine, damu isimwagike hapo. Akifika, bandama kwanza, halafu tezi za tumboni, halafu kipande cha figo, kila kimoja mfuko wake, na barafu utaipata pale wanapouza samaki wa Kasanga. Akaniambia ngoja nitafute kalamu.